SOMO LA ROBO HII: UNYUMBA BAADA YA KUUMIA UTI WA MGONGO



Mtu akianguka mnazi au akipata ajali ya bodaboda na kuumia uti wa mgongo, tunauliza haraka: kiti cha magurudumu kitatoka wapi? Nauli ya kliniki atalipa nani? Ni maswali ya haki. Lakini lipo jingine ambalo wanandoa hulala nalo bila kulitamka: je, sisi bado ni mume na mke?

Wao hunyamaza kwa aibu, na mhudumu hunyamaza kwa heshima. Katika ukimya huo ndoa huvunjika kwa jambo ambalo pengine lingesaidika.

Yafaayo kujulikana

Kuumia hakuondoi haja ya kupenda na kupendwa. Kwa mwanamke, hedhi yaweza kusimama miezi michache kisha ikarudi. Kwa kawaida bado anaweza kushika mimba na kujifungua. Mwanamume aweza kupungukiwa nguvu za kiume au kushindwa kutoa mbegu, lakini dawa na vifaa vipo, na wengine hupata watoto kwa msaada wa hospitali.

Kibofu kitolewe mkojo kabla ya tendo, na ngozi isiyo na hisia ikaguliwe baadaye. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho, waache mara moja, aketi wima, nguo zilegezwe. Isipotulia, awahishwe hospitali.

Wajibu wetu

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Jack Annon wa Marekani alipanga msaada huu katika hatua nne: kutoa ruhusa ya kuzungumza, taarifa chache sahihi, ushauri mahususi, na tiba ya kina. Hatua za mwisho ni za wataalamu. Ya kwanza ni yetu sote.

Mwanamume aongee na mwanamume, mwanamke na mwanamke, faraghani: "Wengi walioumia huwa na maswali kuhusu unyumba. Ukiwa nayo, tutakupeleka kwa muuguzi." Kisha sikiliza, na utunze siri.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi juu ya unyumba (1 Kor. 7). Sisi tuone aibu ya nini?

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya zetu, nani ameumia na hatujamtembelea pamoja na mwenzi wake?
2. Hospitali iliyo karibu nasi ina mtu wa kuzungumza nao?
3. Je, bajeti yetu ya nauli inamhesabu na mwenzi?