Kuweka Python 3.11 kwenye laptopu ya zamani

Ndugu zangu wa Tyseley, mzazi mmoja aliniambia kijana wake anataka kuacha kozi ya kompyuta chuoni. Darasani programu zake zinafanya kazi, ila akifika nyumbani laptopu inazikataa, naye ameanza kuamini kwamba hana akili ya masomo haya.

Nilipoitazama, kijana hakuwa na kosa. Laptopu ilikuwa ya msaada, yenye Ubuntu 20.04, ambayo huja na Python 3.8. Mwalimu anafundisha kwa 3.11. Amri ya match, kwa mfano, iliingia katika toleo la 3.10 mwaka 2021, kwa hiyo Python ya zamani huiona kama kosa la uandishi.

Kwanza muulize mwalimu anatumia toleo gani. Kisha fungua terminali uone lako:

python3 --version

Usiifute ile ya zamani, tafadhali. Ubuntu yenyewe inaitegemea. Mimi niliwahi kuichezea, terminali ikagoma kufunguka, nikapoteza Jumamosi nzima. Tutaiweka mpya pembeni, tukiiunda wenyewe kutoka msimbo wake.

Anza na vifaa vya kuundia:

sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev

Utaulizwa nywila. Ukiichapa hutaona herufi yoyote. Ndivyo ilivyo, endelea tu. Wengi huruka libssl-dev. Bila hiyo Python itaundwa, lakini baadaye pip, inayopakua vifaa vya ziada, itashindwa kuingia kwenye tovuti salama, na utarudia kazi yote.

Sasa nenda python.org, upakue faili la Python-3.11.9.tgz. Halifiki megabaiti 30, lakini kama bando ni la simu, lipakulie maktaba. Halafu andika mstari mmoja mmoja, ukisubiri kila mmoja umalize:

cd ~/Downloads
tar -xf Python-3.11.9.tgz
cd Python-3.11.9
./configure --prefix=$HOME/python311
make
make altinstall

Amri ya configure hukagua kama vifaa vipo. Ile ya make ndiyo inayounda, na kwenye mashine kuukuu huchukua muda; chomeka chaja, ukapike chai. Mistari mingi itapita haraka, usiogope. Andika altinstall, si install: hiyo huweka jina la python3.11 peke yake, bila kugusa jina la python3.

Hakikisha:

~/python311/bin/python3.11 --version

Ikijibu Python 3.11.9, imekubali. Kazi ya chuo iliyo kwenye faili la kazi.py utaiendesha hivi, ukiwa ndani ya folda yake:

~/python311/bin/python3.11 kazi.py

Ikigoma, usifute kitu. Piga picha ya mistari ya mwisho, uje nayo ofisini pamoja na laptopu na chaja yake.