KUFUNGA KIBAO CHA NAMBA BILA KULIHARIBU GARI

Gari lifikapo nyumbani kwa mara ya kwanza huwa furaha kwa jamaa nzima. Watu hulizunguka, watoto hujitazama katika rangi yake ing'aayo, na mwenye gari huona fahari. Walakini mara nyingi jeraha la kwanza la gari hilo halitokani na ajali njiani. Hutokana na mkono wa mtu aliyeitwa kufunga kibao cha namba, ambacho wengi hukiita pleti. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Lakini ikifanywa ovyo, tundu moja dogo laweza kuwa mwanzo wa kutu itakayoula mlango wa nyuma.

Jambo hili lawahusu hasa watu wa Keumbu, na wa Kisii na Nyamira kwa jumla. Keumbu ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka. Nchi hiyo ni ya milima, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,500. Hakuna kiangazi kirefu cha kulikausha gari kabisa. Tena matope mekundu hurushwa na magurudumu, hushika nyuma ya gari, na kukaa na unyevu siku nyingi. Bati lililotobolewa na kuachwa wazi katika nchi kavu laweza kuvumilia muda mrefu. Katika nchi ya mvua kama hiyo kutu haikawii kuanza.

Kwa nini matundu hutobolewa

Magari mengi yaendeshwayo Kenya yalitumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwa meli hadi Mombasa. Katika njia za Kisii mfano ulio wazi ni Toyota Probox, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ambalo leo huchukua abiria na mizigo kutoka soko hadi soko. Gari la namna hiyo lilitengenezwa kwa kupokea kibao cha Kijapani, chenye upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165. Mahali pake pana matundu mawili ya boliti za milimita 6, na kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya la pili ni milimita 210.

Kibao kirefu cha Kenya hukaribia nusu mita, tena ni chembamba. Hapo ndipo shida huzaliwa. Chukua mfano wa mwalimu ampelekeaye fundi kijana gari lake.

"Fundi, mbona watoboa bampa, na hapa pana matundu tayari?"

"Mwalimu, hayo ni matundu ya Wajapani. Pleti yetu haiingiliani nayo."

Jawabu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kibao hakilingani na matundu hayo. Lakini si kweli kwamba gari ndilo lipasalo kutobolewa. Kanuni ya kushika ni hii: badala ya kulifanya gari lifuate kibao, kifanye kibao kifuate gari.

Njia iliyo bora

Njia iliyo bora ni kutumia fremu, yaani kitako cha plastiki kinachobeba kibao, kiuzwacho katika maduka ya vipuri. Fremu hupimwa na kutobolewa matundu mawili yanayoachana kwa milimita 210, yaani milimita 105 kila upande kutoka katikati yake. Matundu hayo yawe ya milimita 7, ili boliti ya milimita 6 ipite bila kulazimishwa. Kisha fremu hufungwa katika matundu ya gari yenyewe, na kibao huwekwa ndani ya fremu. Rangi ya gari haikuguswa, wala hakuna bati lililofunuliwa. Gari likiuzwa au kibao kikibadilishwa, kazi ni ya bisibisi na spana tu.

Kwa upande wa nyuma, msaada mwingine ni kuchagua umbo la kibao. Vibao vya Kenya hutolewa kwa maumbo mawili, kirefu na cha mraba. Nafasi ya nyuma ya magari mengi ya Kijapani ni fupi na yenye kimo, nayo hupokea kibao cha mraba vizuri zaidi. Basi yafaa mwenye gari aipime nafasi hiyo kwa futi kabla ya kuomba kibao, asingoje kukipokea ndipo agundue kuwa hakiingii.

Ikiwa hapana budi kutoboa

Yako magari yaliyokwisha kuharibika matundu yake, au ambayo bampa lake limebadilishwa. Hapo kutoboa huwa lazima. Lakini kuwe kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, tazama upande wa pili. Nyuma ya bampa la mbele mna rejeta, na katika mlango wa nyuma hupita waya wa taa ya namba. Ncha ya drili iendayo mbali kupita kiasi, au skrubu iliyo ndefu mno, yaweza kutoboa rejeta au kukata waya. Hasara hiyo hupita bei ya kibao mara nyingi. Zungushia ncha ya drili utepe kuonyesha mwisho wa kina kitakiwacho, wala usipite utepe huo.

Pili, osha mahali penyewe na upakaushe. Bandika utepe wa karatasi utumiwao na wapaka rangi, kisha pima na kuweka alama juu yake kwa penseli. Utepe huo huizuia ncha ya drili isiteleze na kuchora rangi. Hakikisha kwamba kibao kimekaa sawasawa, hakikuinama upande mmoja.

Tatu, piga alama ndogo kwa msumari mgumu mahali pa kila tundu, ili drili ipate pa kuanzia. Anza na ncha nyembamba ya milimita 3, ndipo upanue kwa ile ya kipimo cha skrubu. Endesha drili polepole. Usiisukume kwa uzito wa mwili.

Nne, ondoa chembe zote za chuma. Watu wengi hulisahau jambo hili. Chembe zibakiazo juu ya rangi hushika kutu zikinyeshewa, nazo huacha madoa ya rangi ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Zifagie kwa brashi laini, kisha zioshe kwa maji mengi. Usizipanguse kwa kitambaa kikavu, maana zitachora rangi.

Tano, tibu kidonda. Lainisha kingo za tundu kwa tupa ndogo au msasa, paka praima, kisha rangi ya gari, na ungoje ikauke. Hapo ndipo skrubu itiwe, ikiwa imepakwa grisi kidogo. Mafundi wengi huiacha hatua hii kwa sababu ya haraka, na hii ndiyo itofautishayo gari litakalodumu na gari litakaloanza kuchuruzika machozi mekundu chini ya kibao.

Skrubu, viduara na gundi

Kibao hutengenezwa kwa alumini, na bodi ya gari ni chuma. Madini mawili mbalimbali yakigusana penye maji, moja hulika upesi kuliko lingine. Kwa hiyo kila skrubu iwekewe kiduara cha plastiki, kiitwacho washa, mbele na nyuma ya kibao. Washa hiyo pia huzuia kibao kisigongegonge bodi katika barabara mbovu na kuisaga rangi pole pole. Msumari wa kawaida au kipande cha waya havifai hata kidogo.

Katika kukaza, nguvu si sifa. Skrubu ikishakaa vizuri, robo ya mzunguko yatosha. Ikikazwa kupita hapo, kibao hupinda, na bampa la plastiki huweza kupasuka.

Wengine hupenda gundi au utepe wenye gundi pande mbili. Utepe mzuri huweza kushika, lakini ukibandikwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka, hasa gari lioshwapo kwa maji ya nguvu. Ukitaka kuutoa, usibandue kwa bisibisi. Upashe joto kidogo kwa maji moto, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya kibao, ukiuvuta huku na huku kama msumeno.

Heshima ya kibao chenyewe

Desturi ya kuyapa magari namba ni ya zamani. Paris iliwaamuru wenye magari kufanya hivyo mwaka 1893, na Uingereza ilianza tarehe 1 Januari 1904. Sababu yake haikubadilika: gari lijulikane na mwenyewe apatikane. Nchini Kenya, vibao vyenye alama mpya za kuzuia ughushi vilizinduliwa Agosti 2022, kuanzia namba za KDK. Basi haifai kutoboa tundu katikati ya herufi, tarakimu, au alama yoyote ya usalama. Wala kibao kisikunjwe, kisikatwe ili kiingie, wala kisifunikwe na matope. Namba isiyosomeka ni kosa mbele ya Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, hata kama kibao kipo.

Kibao kikianguka njiani, hasara si ya fedha tu. Mwovu aweza kukiokota na kukifunga katika gari jingine, na uovu wake ukatafutwa kwa jina la mtu asiye na hatia. Apotezaye kibao na apige ripoti kituo cha polisi bila kukawia, kisha aombe kingine kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama. Asichongeshe cha kuiga kando ya barabara.

Kuikagua kazi

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye gari na afanye mambo matatu. Akishike kibao na kukitikisa, kisicheze. Awashe taa usiku na kuona kwamba taa ya namba yaangaza kibao cha nyuma. Kisha arudi hatua 25 na kuisoma namba yote bila kukisia. Baada ya hapo, kila mwezi, hasa wakati wa mvua nyingi, aoshe nyuma ya kibao na kuzitazama skrubu. Akiona wekundu wa kutu, asingoje: aufungue, ausugue kwa msasa, na kupaka rangi siku iyo hiyo. Kopo dogo la rangi ni rahisi kuliko mlango mpya. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nchi ya mvua ufa wa gari huweza kuwa tundu la skrubu moja tu.