Baada ya Chikungunya: Kurudi Jikoni Mkono Ukiwa Bado Mzito

Chikungunya si mgeni kwa watu wa pwani. Kirusi chake kilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, kwenye nyanda za Wamakonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Mwaka 2004 kiliingia Lamu, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mombasa ilipata zamu yake mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Homa yenyewe huisha haraka, mara nyingi ndani ya wiki moja. Kinachobaki ni viungo: vidole, vifundo vya mikono, magoti na nyayo.

Kazi yangu ni kumsaidia mtu aliyeumwa arudie shughuli zake za kila siku. Barua nyingi ninazopata hazihusu ofisi wala shamba. Zinahusu jiko.

Dada, homa ilinitoka miezi miwili sasa, lakini nikishika mwiko tu kifundo cha mkono kinawaka. Nipike hivyo hivyo au nisubiri maumivu yaishe? (Msomaji, Kisauni)

Pika, lakini kidogo. Kusubiri mpaka maumivu yaishe kabisa kunawaponza wengi, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kukaa viungoni miezi, na kwa wengine mwaka na zaidi, hasa watu wazima na waliokuwa na maradhi ya viungo tangu hapo. Mkono usiotumika hukakamaa na misuli yake hupungua. Ukija kuurudisha kazini, unauma kwa sababu mbili badala ya moja.

Kipimo ni hiki. Maumivu madogo wakati wa kupika yanavumilika. Yaangalie tena baada ya muda wa saa mbili: yakiwa yamerudi kama yalivyokuwa kabla hujaingia jikoni, kazi ile ilikuwa saizi yako. Yakiwa bado juu, au ukiamka kesho yake vidole vimevimba kuliko jana, ulizidisha. Safari nyingine fanya nusu yake, usiache kabisa. Kiungo kilichovimba na kuwa moto hakipewi kazi siku hiyo.

Uji wa alfajiri wa watoto wa shule mwachie mtu mwingine. Viungo hivi hukakamaa zaidi asubuhi. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, ufunge na kufungua vidole humo humo dakika tano hadi kumi, ndipo uguse sufuria.

Nianze na mapishi gani? (Msomaji, Tanga)

Sisi hupanga mapishi kwa bei ya soko na kwa hamu ya watu wa nyumbani. Kwa miezi hii yapange kwa kazi ya mkono. Kuna kazi nne za jikoni zinazotesa kiungo kibovu: kubana kitu chembamba kwa nguvu, kama kisu, kukamua, kama tui, kuzungusha kifundo cha mkono dhidi ya kitu kizito, kama kusonga sima, na kuinua chombo kilichojaa. Chakula chenye uchache wa hizo ndicho cha kuanzia.

Chukua pojo. Zioshe jioni, ziloweke usiku kucha, asubuhi zitie sufuriani na kitunguu na nyanya, ufunike. Hapo anayefanya kazi ni moto, wewe umekaa. Kitunguu kikikushinda kukata, kitie kizima. Kikishaiva kibonyeze kwa mgongo wa upawa, kitapotelea mchuzini. Mbatata usizimenye mbichi. Zichemshe na maganda yake, zikipoa ganda linavutika kwa kidole. Samaki mnunue aliyekwisha kuparwa na kutolewa matumbo pale pale sokoni, umtie ndimu, chumvi na kitunguu saumu, umchemshe kwa maji machache. Mchicha au sukuma wiki mwambie mama mboga akukatie. Ndiyo kazi yake kila jioni na kisu chake kikali kuliko chako. Wali nao haukusumbui, ila pima maji tangu mwanzo yakauke yenyewe, usije ukainamisha sufuria kuyamwaga.

Sima iache mwisho kabisa. Kusonga kunataka kila kitu kwa pamoja: kubana mwiko, kuzungusha, kusukuma unga unaozidi kukaza, na mkono wa pili umeshikilia sufuria isikimbie. Siku yake ikifika, songa ya watu wawili tu. Zungushia mpini wa mwiko kitambaa mpaka unenepe, maana mpini mnene haukulazimishi kukaza ngumi. Weka sufuria chini ya usawa wa kiwiko ili bega nalo lisaidie. Na iwe laini. Wapenda sima ngumu watasubiri.

Bibi, kwetu chakula bila nazi si chakula. Kukuna siwezi, kukamua siwezi. (Msomaji, Lamu)

Nakuelewa, na sitakuambia ule mchuzi wa maji mpaka mwakani.

Lakini tazama mtu aliyekalia mbuzi. Yuko chini, magoti yamekunjwa, mgongo umeinama, kifuu kiko kiganjani, na kila mzunguko kifundo cha mkono kinajipinda dhidi ya meno ya chuma. Akimaliza hapo anakwenda kukamua, mkono mmoja huku na mwingine kule, kama anayekamua shuka ya kitanda. Katika kazi zote za jikoni, ni hizi mbili ninazozikataza moja kwa moja mwanzoni.

Kukuna ni rahisi kukwepa. Sokoni humkosi mwenye mashine ya kukunia nazi, na nyumbani blenda hufanya kazi hiyo ikiwa kuna mtu wa kukutolea nyama ya nazi kwenye kifuu. Hiyo nayo ni kazi ya nguvu, usijidanganye.

Kukamua kunataka ujanja kidogo. Tia nazi iliyokunwa kwenye bakuli, mimina maji ya uvuguvugu, iache dakika kumi. Kisha iweke kwenye chujio pana juu ya sufuria, usimame, unyooshe mkono, uibonyeze kwa kitako cha kibakuli huku umeegemea kwa uzito wa mwili. Vidole havibani chochote. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudisha machicha kwenye maji mengine ya uvuguvugu upate tui jepesi. Pikia pojo au muhogo kwa tui jepesi, tui zito ulitie mwisho kwa moto mdogo huku ukikoroga lisikatike. Kuna tui litakalobaki kwenye machicha. Libaki.

Tui la pakiti? Tumia. Mimi hulitumia hata nisipoumwa.

Mavyaa wangu anasema tui la blenda si tui, na kwamba najidekeza. (Msomaji, Mombasa)

Mjibu kwa adabu zote kwamba mbuzi iko pale nyuma ya mlango. Wengi hukubaliana na blenda papo hapo.

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba mchana mkono unaonekana mzima. Mwite aone asubuhi, kabla hujauchovya kwenye maji moto, ujaribu kufunga ngumi mbele yake. Kuona huko kunatosha kuliko maelezo yangu.

Nimeambiwa niache maharagwe, nyanya na nyama nyekundu kwa kuwa huongeza maumivu ya viungo. Ni kweli?

Aliyekuambia anachanganya na jongo. Jongo hutokana na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, na mgonjwa wake hushauriwa apunguze maini, nyama nyekundu na pombe. Chikungunya ni kirusi, na maumivu yanayobaki hutokana na jinsi kinga ya mwili inavyozidi kupambana viungoni. Nyanya haina kosa lolote hapo. Maharagwe ndiyo kabisa usiyaache: umelala wiki kadhaa, misuli imepungua, nayo hurudi kwa mazoezi na kwa chakula chenye protini. Maharagwe, pojo, dagaa, mayai, samaki. Ukihisi kuna chakula fulani kinachokuchokoza, kiache wiki mbili, ukirudie, uone kama kweli ni chenyewe.

Na manjano na tangawizi?

Tia mchuzini kwa ladha. Sioni ushahidi wa kutosha wa kuyaita dawa ya chikungunya. Vidonge vya manjano ni habari nyingine: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumuuliza daktari wake.

Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Nikikaa nyumbani hatuli. (Msomaji, Likoni)

Barua kama yako ndizo ngumu, kwa sababu ushauri wa “pumzika” unamfaa mwenye mshahara.

Badilisha unachopika kabla ya kubadilisha saa zako. Mbaazi za nazi hupikwa na moto. Mahamri ni mikono mitupu, kukanda, kusukuma, kukata, kukaanga. Baki na mbaazi, mahamri uagize kwa mwenzako kwa muda. Faida itapungua, lakini mteja hatahama kibanda.

Ukiwa huna budi kukanda, usikande kwenye beseni sakafuni. Changanya unga mpaka ushikane tu, hata kama una mabonge, ufunike na uuache nusu saa. Unga wa ngano ukipumzika hujivuta na kulainika wenyewe, na ukiurudia utaona kazi iliyobaki ni chache. Sukuma kwa kitako cha kiganja, mikono imenyooka, juu ya meza iliyo usawa wa nyonga. Mti wa kusukumia upitishe chini ya viganja vilivyo wazi bila kuufumbata. Kanda mara mbili kwa mafungu madogo, usikande kilo zote kwa mpigo.

Juu ya karai sina mzaha: lenye mafuta moto usiliinue, usilisogeze. Mkono uliopitia ugonjwa huu huachia bila kutoa taarifa. Liache lipoe pale pale lilipo.

Napikia jiko la makaa chini, magoti yananiua.

Inua jiko, si wewe ushuke. Lijengee kitako cha matofali au zege kisichotikisika, mahali penye hewa, nawe ukalie kiti cha kawaida badala ya kigoda. Kila dakika 15 au 20 simama, unyooke, utembee mpaka mlangoni. Kukaa muda mrefu nako hukakamaza.

Ni lini niache mambo ya mwiko niende hospitali?

Mimi si daktari, kwa hiyo nakupa dalili tu za kukupeleka kwake. Kiungo kimoja kilichovimba, kikawa moto na kuandamana na homa: nenda leo. Vidole kufa ganzi usiku, au kuangusha vitu mara kwa mara: nenda wiki hii. Mikono yote miwili kuvimba na kukakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, ikafika miezi mitatu: omba uchunguzwe baridi yabisi, kwa sababu kuna dawa zake na kuchelewa huharibu kiungo.

Kwa ambao homa bado ni mpya, tumieni paracetamol. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisubiri mpaka dengi ithibitike kwamba haipo. Homa hizi mbili zinafanana, huletwa na mbu yule yule, na dengi inaweza kuvujisha damu.

Ni mke wangu anayeumwa. Nikimwambia akae nipike mimi, anakasirika. Nikimwacha apike, usiku analia na mikono. Nifanyeje? (Msomaji, Malindi)

Ndugu yangu, usimtoe jikoni. Mtu aliyelala wiki nzima akihudumiwa kama mtoto anataka kuonja chumvi ya mchuzi wake mwenyewe. Gawaneni kazi kwa zile nne nilizotaja juu. Aamue kinachopikwa, aunge, aonje, akoroge. Wewe kata, kamua, songa, inua. Mfunguliaji wa vifuniko vya chupa awe wewe, bila kungoja kuitwa.

Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, kwa hiyo hamishia jikoni kwenye madumu ya lita tano, na hata hayo yajaze nusu atakayoshika yeye. Sufuria itiwe maji ikiwa tayari jikoni, kwa kata, isibebwe imejaa kutoka bombani. Na ukishajaza mitungi ifunike ipasavyo, kila mmoja. Mbu anayeeneza chikungunya huuma mchana na hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, na watoto wenu huenda bado hawajaugua.