Deni Lisiloandikwa na Kufa kwa Maduka Yetu

Ndugu zetu wenye biashara ndogo hapa Runyenjes huuliza: Kwa nini duka hufunguliwa mwaka huu, na mwaka wa pili likafungwa? Wengine husema limerogwa, wakaenda kwa mpiga ramli. Huo ni upotevu, na mali hupotea mara mbili.

Ama sababu iliyo dhahiri ni hii. Wanunuzi wengi katika mji huu ni wakulima wa kahawa, na malipo ya kahawa hukawia miezi baada ya mavuno. Katika miezi hiyo mwenye duka hukopesha unga, sukari na sabuni, wala haandiki, kwa kuona haya kumwandikia jirani. Rafu zikibaki tupu hukimbilia mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa 7.5 katika mia kwa siku 30. Kwa hesabu hiyo, mwenye kukopa na kukopa tena shilingi 10,000 kila mwezi hutoa ada ya shilingi 750. Kwa miezi 12 ni shilingi 9,000, karibu sawa na rasilmali yenyewe. Na riba haigeuki halali kwa kuitwa ada.

Tazama sasa aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Hiyo ni aya ya deni! Yatuamrisha tuandike deni la muda maalumu, dogo na kubwa. Mdaiwa ndiye atamke, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyosamehewa kuandikwa. Basi kuandika si kumdhania mtu ubaya, bali ni kuhifadhi udugu. Na aya ya 280 yataka mwenye dhiki apewe nafasi. Lakini utamwongezea vipi muda usiyemwekea muda? Ama mwenye uwezo akikawiza kulipa, Mtume (S.A.W.) amekuita huko kukawiza kuwa ni dhulma.

Dawa yake ni hii:

1. Kila deni liandikwe: kiasi, tarehe na siku ya kulipwa.
2. Rasilmali isiliwe nyumbani. Kinacholiwa ni sehemu ya faida.
3. Matajiri watoe karadha njema isiyo na nyongeza, au washirikiane kwa mudharaba: faida kwa mapatano, hasara ya mali juu ya mwenye mali.
4. Zaka isiwasahau wenye madeni, nao ni fungu katika mafungu 8 ya aya ya 60 ya Suratut Tawba.

Tuanze leo, kabla ya mavuno yajayo. Wabillahi taufiq.