Kukataa mita janja: nani analipa?

SOMO LA WIKI

Mteja wa umeme akikataa kufungiwa mita janja nyumbani, mabishano mengi huishia kwenye mawimbi ya redio na siri za ndani ya nyumba. Mambo hayo yana uzito wake, lakini msomaji wa ukurasa huu anapaswa kuuliza la tatu: gharama ya kukataa huko inatoka mfuko wa nani?

Kwanza kifaa chenyewe. Mita janja hupima matumizi kwa vipindi vifupi, mara nyingi kila dakika 15 au kila saa, na kupeleka hesabu kwa kampuni bila msoma mita kugonga mlango. Msomaji wa Dar es Salaam asiichanganye na LUKU ya kawaida. Kwa LUKU hiyo, tarakimu 20 za umeme ulionunua unazibonyeza mwenyewe, na mita haitumi taarifa popote.

Mfano ulio wazi ni California, Marekani. Kampuni ya PG&E ilianza kufunga mita hizi mwaka 2006, na mwaka 2009 malalamiko yakapamba moto, hasa Bakersfield, ambako wateja walidai ankara zao zimepanda. Februari 2012 Tume ya Huduma za Umma ya jimbo hilo, ambayo ndiyo huidhinisha bei, iliamua kuwa mteja wa nyumbani anaweza kubaki na mita ya zamani. Hakutakiwa kutoa sababu. Alitakiwa kutoa fedha: dola 75 za kuanzia na dola 10 kila mwezi. Wenye kipato kidogo walio katika mpango wa nafuu walipangiwa dola 10, kisha dola 5 kwa mwezi. Desemba 2014 Tume iliweka ukomo wa miezi 36 kwa ada ya mwezi.

Tupige hesabu. Miezi 36 kwa dola 10 ni dola 360. Ongeza 75, jumla dola 435. Kwa mwenye nafuu ni dola 190.

Hapo mwekezaji mdogo atulie kidogo. Kampuni ya namna hii haipangi bei kama muuza nyanya. Tume huangalia mtaji uliowekwa kwenye nyaya, mitambo na mita, kisha huiruhusu kampuni kupata faida ya kiwango fulani juu ya mtaji huo. Kwa hiyo aliyekataa mita anaendelea kuuchangia mradi wa mita kupitia bei ya kila uniti, halafu analipa na ada ya kukataa. Wateja husema wanalipishwa mara mbili, na sioni kama wamekosea sana. Hata hivyo kampuni nayo ina hoja. Msoma mita aliyekuwa anapita mtaa mzima sasa anafuata nyumba moja hapa na nyingine mbali kule, na gharama kwa kila nyumba inapanda. Ada isipotosha, Tume ikikubali, pengo hugawiwa wateja wengine. Mwenye hisa huguswa pale tu Tume inapokataa gharama hizo. Ndiyo maana uamuzi wa Tume usomwe kabla ya kuhesabu waliokataa.

Vermont walikwenda njia nyingine. Mwaka 2012 jimbo hilo lilipitisha sheria inayokataza kumtoza ada mteja asiyetaka mita janja. Haki ni ile ile, ila mzigo unabebwa na wateja wote kwa pamoja.

Uholanzi ndiko mpango mzima ulikoyumba. Muswada wa serikali ulitaka kila nyumba ipokee mita, na mkaidi angekabiliwa na faini ya hadi euro 17,000 au kifungo cha miezi 6. Aprili 2009 Seneti iligoma kuupitisha kwa hoja ya faragha. Sheria ikarekebishwa, mteja akaruhusiwa kukataa, au kuipokea mita lakini isisomwe kutoka mbali. Mwaka 2010 hesabu ya gharama na faida ya mradi ililazimika kupigwa upya, safari hii zikiwamo nyumba ambazo hazitaki mita.