Kugawana Chumba, Kugawana Kodi

Wanachama wenzangu, wengi wetu tukimaliza shule tutaelekea mjini kutafuta riziki, na huko kinachotungoja ni kodi ya nyumba. Kaka yangu amepanga chumba Umoja, Nairobi, kwa shilingi 8,000 kwa mwezi. Juzi aliniuliza: je, amkaribishe mwenzake wa kazini walipe nusu nusu?

Nilianza na sarufi, naye akacheka. Mpangaji hupanga; mwenye nyumba hupangisha, yaani kauli ya kutendesha. Kaka ndiye aliyepanga. Jina lililo kwenye risiti ni lake, na dipositi aliilipa yeye. Akimwingiza mwenzake kimyakimya, basi anapangisha nyumba isiyo yake! Yule akihama mwezi wa pili bila kulipa, landilodi atabisha mlango wa kaka tu. Isitoshe, wapo wenye nyumba wanaolikataza jambo hilo katika mkataba.

Hesabu nayo haiishii kwenye 4,000. Maji yatatumika zaidi, na tokeni za stima zitaisha upesi, hasa mmoja akiwa mtu wa kupiga pasi kila asubuhi (mnawajua). Hata hivyo, ikibaki 3,000 tu, hiyo ni nauli yake ya matatu.

Kwa maoni yangu amkubali, ila landilodi aambiwe kwanza, majina yote mawili yaandikwe, na mwenzake atoe nusu ya dipositi siku ya kuingia. Kaka hajaamua. Ati anaona haya kutaja dipositi.