SOMO LA AFYA: Mteja Anapokuja Kuonja Keki Nyumbani Kwako

Somo la leo nimeliandika kwa ajili ya akina mama na akina dada (na akina kaka pia, maana siku hizi wapo) wanaooka keki nyumbani kwa ajili ya harusi, kipaimara, Iddi na sherehe za watoto. Hapa Cedar Hill na miji jirani kama DeSoto, Duncanville na Grand Prairie tuko wengi. Houston nako vilevile.

Wengi wetu tunajua kuoka, hilo halina ubishi. Lakini kuna siku moja ambayo hatuitilii maanani: siku mteja anapokuja nyumbani kuzungumza na kuonja. Tunaiona kama siku ya biashara tu, kumbe ni siku ya afya pia.

KISA CHANGU MWENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu bibi harusi mtarajiwa pamoja na dada yake. Dada mtu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Nilikuwa nimepanga vionjo vinne kwenye sinia: vanila, nazi na iliki, chokoleti, na keki ya karoti yenye korosho. Nilivikata vyote kwa kisu kimoja. Kama tulivyolelewa, mgeni hakai bila kitu mkononi, basi kabla hata hatujaanza kuzungumza nikampa mtoto kipande cha vanila. Nilidhani vanila haina shida.

Dakika chache baadaye midomo ikaanza kuvimba. Akakohoa, akajikuna shingo, sauti ikabadilika. Mama yake alijua mara moja. Mtoto alikuwa na aleji ya korosho, na mabaki ya korosho yalikuwa kwenye kisu changu. Mungu saidia, sindano ya epinefrini ilikuwa kwenye mkoba wake. Akampiga pajani, tukapiga simu 911, gari la wagonjwa likaja. Mtoto alipona, na kesho yake alirudi nyumbani kwao.

Hakuna aliyenilaumu siku ile, lakini mimi nilijilaumu. Swali la maneno mawili tu lingetosha: "Kuna asichokula?" Sikuliuliza, kwa sababu kwetu kuuliza hivyo kabla ya kumkaribisha mtu chakula ni kama kukosa adabu. Ndugu zangu, hapa tubadilike. Kuuliza ndiyo adabu yenyewe.

SEHEMU YA KWANZA: ULIZA KABLA YA KUANDAA SINIA

Mazungumzo ya kwanza na mteja yafanyike kwa simu au ujumbe, siku mbili tatu kabla hajaja. Muulize haya, na majibu uyaandike:

1. Je, yeye au yeyote atakayekuja naye ana aleji ya chakula? Na wageni wa sherehe je?
2. Atakuja na watoto? Wana umri gani?
3. Kuna mjamzito, mgonjwa wa kisukari, au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili?
4. Kuna vitu wasivyokula kwa sababu ya dini?
5. Keki italiwa wapi, saa ngapi, ndani au nje?

Sheria ya Marekani inataja vyakula 9 vinavyosababisha aleji kubwa: maziwa, mayai, ngano, soya, karanga, jamii ya korosho na lozi (pamoja na pecan tunazopewa sana hapa Texas), samaki, kamba na kaa, na ufuta. Ufuta uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021 na kuanza kutumika Januari 2023, kwa hiyo kama ulijifunza zamani kuwa ni 8, sahihisha daftari lako.

Je, nazi? Swali zuri, maana keki zetu nyingi zina tui au nazi iliyokunwa. Mwezi Januari 2025, FDA, yaani idara ya chakula na dawa ya Marekani, iliitoa nazi kwenye orodha hiyo ya aleji kubwa. Hii haina maana kwamba hakuna mtu mwenye aleji ya nazi. Wapo. Mteja aambiwe wazi kuwa nazi imo.

Kwa upande wa dini, kumbuka kwamba jelatini nyingi za madukani hapa hutokana na nguruwe, na vanila ya maji iliyo halisi ina pombe isiyopungua asilimia 35 kwa kanuni za Marekani. Mteja Mwislamu ana haki ya kuyajua haya kabla hajaonja, si baada. Ipo vanila ya unga na ipo isiyo na pombe, nayo inafanya kazi vizuri.

SEHEMU YA PILI: KUANDAA VIONJO

Kionjo ni chakula kama keki yenyewe. Usikifanye kwa uzembe kwa sababu ni kidogo au ni cha bure.

• Kila ladha iwe na kisu chake, sahani yake na kibandiko chake. Vionjo vyenye karanga, korosho au ufuta vikae sinia ya peke yake, au visiwepo kabisa kama mteja ametaja aleji.
• Kipande cha inchi moja kwa inchi moja kinatosha. Ladha tatu au nne zinatosha. Zaidi ya hapo ulimi unachoka na mteja hachagui vizuri.
• Uma au kijiko cha kutupa kwa kila mtu. Asiwepo wa kuchovya kijiko kimoja kwenye krimu mara mbili.
• Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Dawa ya mikono yenye pombe haitoshi kuua virusi vya norovirus, ambavyo huleta kutapika na kuhara.
• Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ametapika au kuharisha, ahirisha kikao. Mgonjwa asiguse chakula cha watu mpaka zipite siku 2 kamili baada ya dalili kuisha.

Mayai: kwetu Afrika Mashariki mayai hukaa mezani wiki nzima bila tatizo. Mayai ya dukani hapa Marekani yameoshwa, na ule utando wa asili unaolilinda yai umeondoka. Lazima yakae kwenye friji. Kwa aisingi inayotumia ute mbichi, tumia ute uliopasishwa joto kiwandani au unga maalumu wa ute wa yai. Hapo unaepuka salmonela.

Na usiwape watoto mwiko wenye mkorogo mbichi walambe, hata kama sote tulilamba. Si mayai peke yake yenye tatizo. Unga wa ngano mbichi nao unaweza kuwa na bakteria. Mwaka 2016 watu waliugua katika majimbo mbalimbali ya Marekani kwa E. coli iliyotoka kwenye unga.

SEHEMU YA TATU: JOTO LA TEXAS

Chakula kinachoharibika haraka, kama keki yenye krimu ya jibini, kastadi au maziwa, kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Joto likizidi digrii 90 za Farenhaiti (kama 32 za Selsiasi), saa hizo 2 zinakuwa saa 1. Sasa fikiria mwezi Julai au Agosti hapa kwetu, na fikiria ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wapo wenzetu wanaopeleka keki kutoka Cedar Hill mpaka Houston kwa barabara ya I-45. Ni mwendo wa karibu saa 4. Keki ya krimu iende ndani ya boksi la barafu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na uwe na kipimajoto kidogo ndani ya boksi: kisome digrii 40 au chini yake. Kama huna uwezo huo, mshauri mteja achukue keki ya siagi na sukari isiyohitaji friji. Huo nao ni ushauri, na mteja atakuheshimu.

SEHEMU YA NNE: MAPAMBO YANAYONG'AA

Hapa naomba msikilize kwa makini. Ule unga wa kung'aa wa dhahabu au fedha unaouzwa mtandaoni, si wote unaliwa. Mwaka 2018 huko Rhode Island watoto 6 waliugua, wakatapika, baada ya kula keki ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa uliokuwa na shaba nyingi. Mwaka 2019 huko Missouri mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu, na unga wa rangi uliopamba keki yake ulikuwa na risasi.

Kanuni ni rahisi. Kopo lililoandikwa kwamba "si sumu" halina maana kwamba kilichomo kinaliwa. Tafuta neno la Kiingereza "edible" pamoja na orodha ya viambato. Kama hakuna orodha ya viambato, usiweke kwenye chakula.

Maua ya bustani nayo ni hivyohivyo. Hydrangea na lily of the valley ni mazuri kwa macho lakini yana sumu. Na kama keki ni ya mtoto asiyetimiza miezi 12, usitumie asali hata kidogo, maana inaweza kumletea ugonjwa hatari wa botulizimu.

SEHEMU YA TANO: USIAHIDI USICHOKIWEZA

Mteja akisema "mama ana kisukari, nitengenezee keki asiyodhurika nayo," usijibu haraka "hakuna shida dada." Unga wa ngano nao hupandisha sukari ya damu, hata ukiondoa sukari yote ya kopo. Mwambie ukweli: unaweza kupunguza sukari na kutengeneza vipande vidogo, lakini kiasi cha kula aamue mgonjwa na daktari wake.

Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, asiyeweza kula ngano kabisa. Jikoni ambamo unga wa ngano huruka kila siku si mahali salama pa kumwokea. Mwelekeze kwa duka maalumu. Heri kupoteza oda moja kuliko kumpeleka mtu hospitali.

SEHEMU YA SITA: SHERIA INASEMAJE

Texas inaruhusu kuoka nyumbani na kuuza tangu sheria ya mwaka 2011, na imepanuliwa mara kadhaa. Mabadiliko makubwa ya mwisho yalianza Septemba 1, 2025. Kwa ufupi:

• Mauzo ya mwaka yanaruhusiwa kufikia dola 150,000.
• Keki zinazohitaji friji sasa zinaruhusiwa, lakini ni lazima kwanza ujiandikishe na idara ya afya ya jimbo, DSHS.
• Uwe na cheti cha kozi fupi ya usalama wa chakula. Kozi hupatikana mtandaoni, na cheti hudumu miaka 2.
• Kibandiko kiwe na jina la biashara, jina la bidhaa, aleji zote zilizomo, na tamko la Kiingereza kwamba chakula kimetengenezwa katika nyumba isiyokaguliwa na serikali. Nakili tamko hilo neno kwa neno kutoka tovuti ya DSHS.
• Nyama, kuku na samaki bado haviruhusiwi. Kwa hiyo mama, zile sambusa za nyama unazouza pamoja na keki, sheria hii haizilindi.

KUMBUKA NA WEWE MWENYEWE

Mwokaji huonja kutwa nzima: kijiko cha krimu hapa, kipande cha pembeni pale. Ukijumlisha, umekula chakula cha siku mbili. Onja kwa ncha ya kijiko, kunywa maji, na upime sukari na presha yako angalau mara moja kwa mwaka. Vaa viatu vyenye soli laini, na ukisimama muda mrefu weka zulia nene miguuni.

DALILI ZA HATARI

Midomo au ulimi kuvimba, vipele vya ghafla, kukohoa au kupumua kwa shida, kutapika mara kwa mara, kizunguzungu. Kama sindano ya epinefrini ipo, itumike mara moja, kisha pigeni 911. Msisubiri kuona kama itapungua, na maziwa si dawa ya aleji. Kwa mashaka ya sumu kuna simu ya bure ya kitaifa saa 24: 1-800-222-1222, na unaweza kuomba mkalimani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja vyakula 9 vya aleji bila kuangalia juu.
2. Mteja anataka keki ya krimu kwa sherehe ya bustanini mwezi Agosti. Utamshauri nini?
3. Je, kopo la unga wa dhahabu ulilonalo kabatini lina orodha ya viambato? Nenda ukaangalie sasa hivi.

Ndugu zangu, siku hizi mimi nina karatasi mlangoni kwa jikoni. Mgeni akiingia, kabla ya chai, namuuliza. Wengine hucheka, husema "dada umekuwa Mmarekani." Nami huwajibu kwamba nilijifunza kwa mtoto mmoja wa miaka minne. Kinga ni bora kuliko tiba.

Somo hili ni la elimu tu, halichukui nafasi ya daktari wako. Tukutane tena toleo lijalo, Mungu akipenda.